Pilipili manga ndani ya kidonge

Mwaka 2009 India ilianza kuuza kidonge cha kifua kikuu chenye kiungo cha pilau ndani yake. Sisemi kwa fumbo. Kinaitwa Risorine, kimetokana na ushirikiano wa kampuni ya Cadila na watafiti wa taasisi ya umma iliyoko Jammu, na ndani yake mna rifampisini miligramu 200, isoniazidi miligramu 300 na piperini miligramu 10. Piperini ndiyo inayoipa pilipili manga ukali wake. Dozi ya rifampisini iliyozoeleka kwa mtu mzima ni miligramu 450 kwenda juu. Hapa imekatwa zaidi ya nusu, na hoja ya watengenezaji ni kwamba piperini huisaidia dawa kupita ukuta wa utumbo na kudumu kwenye damu, hivyo hicho kidogo kikafanya kazi ya kile kingi.

Pilipili manga huwa na piperini asilimia 5 hivi, wakati mwingine zaidi. Kwa hesabu hiyo miligramu 10 zinatoka kwenye punje chache tu, nne au tano. Najua kuna msomaji ameshaanza kuelekea jikoni. Arudi akae, tutafika huko.

Nimekitanguliza kidonge hiki kwa sababu ni miongoni mwa vichache vilivyomaliza safari. Kila mwaka hutoka makala chungu nzima za kisayansi zikieleza kwamba mmea fulani, ukichanganywa na antibayotiki fulani, umeirudishia makali dawa iliyokuwa imeshindwa. Karafuu, mdalasini, manjano, chai ya kijani, kitunguu saumu, mwarobaini, vyote vimo. Baada ya hapo, kimya. Mwanafunzi anahitimu, sahani za maabara zinaoshwa, na mgonjwa wa Temeke au Kisumu anaendelea kumeza kilekile. Nadhani tumekuwa tukiiuliza mimea swali lisilo lake. Tunaitaka iwe dawa mbadala, wakati ushahidi bora tulionao unaonyesha kwamba kipaji chake ni kukoleza dawa nyingine, kama chumvi inavyokoleza mchuzi. Na chumvi peke yake haishibishi.

Ukikaa nusu saa kwenye duka la dawa muhimu lolote utamsikia mtu akisema, "Amoksi hainisaidii tena, mwili umeizoea." Anaomba Sipro, antibayotiki nyingine, tena vidonge vinne tu kwa kuwa pesa ndiyo hiyo. Mwili wake haujazoea chochote. Waliozoea ni bakteria, na usugu walioujenga wanaweza kumpa jirani yake ambaye hajawahi kumeza hata kapsuli moja. Wataalamu wa Tanzania wanauita UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kwa makadirio yaliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2022, mwaka 2019 peke yake usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na ulikuwamo kwenye vifo milioni 4.95. Kanda iliyokuwa na kiwango kikubwa kuliko zote ni Afrika Magharibi.

Bakteria sugu ana mbinu chache, lakini anazitumia vizuri. Wapo wanaotoa kimeng'enya kinachoikata dawa vipande kabla haijafika. Wapo wanaobadilisha sehemu ambayo dawa ilikuwa inaikamata, ikakuta kufuli imebadilishwa. Wapo wanaobana vitundu vya utando wao wa nje dawa isiingie. Na wapo wenye pampu: dawa inaingia, pampu inaitoa, kama baharia anayekumba maji kwenye ngalawa inayovuja. Akiikumba haraka kuliko inavyoingia, chombo hakizami.

Sasa hapo ndipo msaidizi anapopata kazi. Mfano unaojulikana kuliko yote hautoki kwenye mmea. Ni asidi ya klavulaniki, inayotolewa na bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces clavuligerus. Yenyewe haiui vimelea kwa kiwango cha maana. Inachofanya ni kukikaba kile kimeng'enya kinachoikata amoksilini. Zikawekwa pamoja, na mwaka 1981 Augmentin ikaanza kuuzwa Uingereza. Leo daktari anaiandika bila kufikiri mara mbili, na mgonjwa anajua tu kwamba "ina nguvu kuliko Amoksi". Ni Amoksi ileile, imepata mlinzi.

Kwa upande wa mimea, kisa ninachokipenda ni cha Berberis, kichaka chenye miba na mizizi ya manjano. Mizizi hiyo ina baberini, kemikali iliyotumika kwa karne nyingi kutibu kuhara na macho mekundu. Ukiichukua baberini safi ukaipeleka maabara dhidi ya Staphylococcus aureus, inakatisha tamaa. Bakteria huyo ana pampu iitwayo NorA, na baberini ni chambo chake halisi: inaingia, inatupwa nje. Mwaka 2000 Frank Stermitz, Kim Lewis na wenzao wa Marekani walijiuliza swali ambalo mtu wa kijijini angeliona la kawaida kabisa. Mmea huu unajilindaje basi, kama silaha yake ni butu kiasi hiki? Wakatafuta ndani ya Berberis fremontii na kukuta kemikali ya pili, methoksihidnokapini. Nayo peke yake haiui kitu. Lakini inaiziba NorA. Ukiziweka pamoja, baberini inajazana ndani ya bakteria na kumwangamiza.

Yaani mmea ulikuwa umeshatengeneza mseto wake kabla ya yeyote kati yetu kuwazia.

Kisa hiki kinawapa haki waganga kwa nusu. Mganga anaposema usitenganishe mzizi na gome, au usichuje sana, huenda anakumbuka jambo ambalo mkemia anayesaka molekuli moja safi analipoteza njiani. Nusu ya pili ndiyo ngumu kwake. Mzizi wa mlima huu na wa mlima ule, wa masika na wa kiangazi, hauna kiasi sawa cha hizo kemikali mbili. Jamaa wa mmea huo, Berberis holstii, huota kwenye miinuko ya Kenya na Tanzania, na sijaona chupa sokoni inayomwambia mnunuzi anakunywa miligramu ngapi za nini.

Neno mseto si geni kwetu, nje ya sufuria ya mchele na choroko. Tulilijifunza kwa uchungu kwenye malaria. Klorokwini ilipochoka, Tanzania ilihamia SP mwaka 2001, nayo haikuchukua muda kuchoka, na mwaka 2006 ikaja ALu ambayo kila mzazi anaiita dawa ya mseto. Ndani yake mna mtoto wa mmea: artemeta hutengenezwa kutoka artemisinini ya Artemisia annua, mmea wa Kichina wa ukoo mmoja na pakanga yetu, na ndiyo uliompa Tu Youyou Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Artemeta inapiga haraka na kuondoka haraka, lumefantrini inabaki nyuma ikifagia. Yule anayekunywa chai ya mmea huo wa Kichina peke yake kila akipata homa anampa kimelea mazoezi. Vimelea vyenye dalili za kuizoea artemisinini vimeshathibitishwa Rwanda na Uganda, na Kagera pia.

Na kabla ya malaria, kifua kikuu. Hili huwa halisemwi vya kutosha. Mwaka 1970 mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na ya Uingereza yalianza majaribio kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kuona kama tiba ya miezi 18 ingeweza kufupishwa hadi 6 kwa kuchanganya dawa vizuri. Waliopewa rifampisini au pirazinamidi juu ya streptomaisini na isoniazidi walirudiwa na ugonjwa kwa nadra sana kuliko waliokosa. Tiba fupi ya TB inayotumika duniani leo ina mizizi kwenye wodi zetu. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema mambo ya kuchanganya dawa na kupima matokeo ni ya Wazungu, nashangaa.

Turudi maabara, maana huko ndiko ahadi zinakotoka na ndiko zinakopotelea. Kupima kama vitu viwili vinasaidiana, mtafiti hutumia kisahani chenye vishimo vingi vilivyopangwa kama ubao wa drafti. Upande mmoja antibayotiki inapungua nusu kwa nusu, upande mwingine kemikali ya mmea inapungua vivyo hivyo, kisha anaangalia ni kishimo gani bakteria ameshindwa kuota. Kutoka hapo anapata namba. Ikiwa 0.5 au chini yake, vitu hivyo vinakolezana kweli. Kwa nini 0.5 na si 0.9? Kwa sababu kipimo chenyewe kinaweza kuteleza kishimo kimoja kwenda huku au huku, na kishimo kimoja ni nusu ya dozi. Nusu na nusu ni moja, yaani hujagundua kitu, umeteleza tu. Lazima kila upande ushuke hadi robo ndipo uamini. Ni kigezo cha kiungwana, na inasikitisha kuona makala zinazoshangilia 0.75 kana kwamba zimepata dhahabu.

Hata 0.5 halali haitoshi. Chukua mchemsho wa majani unaofanya kazi kwa kiwango cha miligramu moja kwa mililita. Kwenye tyubu ni kidogo. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Ili damu hiyo peke yake ifikie kiwango hicho unahitaji gramu 5 za kemikali zilizoingia zote kwa pamoja, bila ini kuzigusa, bila figo kuzitoa, bila nyama na mafuta kunyonya sehemu yake. Haiwezekani. Antibayotiki nzuri hufanya kazi kwa mikrogramu chache. Mimi sasa nikisoma tangazo la mmea uliofufua dawa, jicho linakwenda kwenye kiwango kwanza, na mara nyingi safari yangu huishia hapo.

Manjano ni somo zuri. Kukumini, kemikali yake ya rangi, imeandikwa kuwa inakoleza karibu kila antibayotiki unayoijua. Mwaka 2017 wanakemia wa dawa wakiongozwa na Kathryn Nelson walipitia ushahidi wake wote. Majaribio ya kitabibu zaidi ya 120 yalikuwa yameshafanyika kwa magonjwa mbalimbali, na hakuna hata moja lenye mizani ya haki pande zote lililofaulu. Kukumini inaharibika upesi, haifyonzwi vizuri, na ina tabia ya kudanganya vipimo, ikionekana inafanya kazi mahali isipofanya. Mchuzi wa manjano uendelee. Matangazo yapumzike.

Tatizo jingine ni pampu zenyewe. Resepini, inayotoka kwenye mzizi wa Rauvolfia, inaiziba NorA vizuri tu maabara. Ila kiwango kinachohitajika ni sumu kwa binadamu. Seli zetu nazo zina pampu zake, kwenye utumbo, ini na ukuta wa damu ya ubongo, na zinatulinda. Anayetafuta kitu cha kuziba pampu ya bakteria bila kugusa yetu anatafuta ufunguo wa nyumba moja mtaani ambao usifungue nyingine, na nyumba zimejengwa na fundi mmoja.

Chai ya kijani ina habari nzuri kidogo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey walionyesha kwamba katekini yake iitwayo EGCG inairudishia antibayotiki ya aztreonamu uwezo dhidi ya Pseudomonas aeruginosa, mmoja wa bakteria wabishi kuliko wote hospitalini. Waliijaribu pia ndani ya kiumbe hai. Kiumbe chenyewe kilikuwa funza wa nondo anayekula nta ya nyuki. Sidharau, funza huyo ni hatua halali. Lakini kati ya funza na mgonjwa wa ICU kuna masafa, na masafa hayo ndiyo yanayonikera, kwa sababu ndiyo yenye gharama na hayana makala za haraka.

Kuna mti mmoja wetu ambao naona unastahili kufuatwa. Wakikuyu wanauita muthiga, kitabuni ni Warburgia ugandensis, na gome lake kali hutafunwa kwa kikohozi na jino. Miaka ya 1970 Isao Kubo na Koji Nakanishi, wakifanya kazi na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walikuta kemikali kwenye gome hilo zinazowafanya viwavijeshi wagome kula. Moja wakaiita muzigadiali, jina la mti likaingia kwenye kemia. Baadaye, mwaka 1988, Kubo akaripoti kwamba poligodiali, iliyomo katika ukoo huohuo wa kemikali, inafungua utando wa hamira na kuingiza rifampisini na dawa nyingine ambazo kwa kawaida hazipiti. Hamira ni fangasi, si bakteria, na kemikali kali kiasi hicho inaunguza. Bado naiona ni fikra ya kufuatilia: kitu kinachovunja mlango kwa ajili ya mwingine. Wakati huohuo mti wenyewe unamenywa gome kuzunguka shina lote na kukauka, na hapo hata Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida za mimea, inayotumika tangu 2014, haina cha kugawana.

Sasa yule niliyemzuia asiende jikoni. Piperini inazuia vimeng'enya vya ini na pampu za utumbo bila kuchagua ni dawa ipi. Imeonyeshwa kupandisha damuni kiwango cha fenitoini ya kifafa na propranololi ya moyo. Anayemeza dozi kamili ya rifampisini na kujiongezea piperini kwa kukisia anaweza kulibebesha mzigo ini ambalo tayari limebeba dawa nne. Kitunguu saumu kinaweza kufanya kinyume. Katika jaribio la Marekani la mwaka 2002, watu wenye afya waliomeza vidonge vyake kwa wiki tatu hivi walikutwa na sakwinaviri, dawa ya VVU, imeshuka damuni kwa karibu nusu. Pilau lako lina pilipili ya kawaida na halina neno. Ninachosema ni pilipili kama dozi.

Hapa nakumbuka mwaka 2011, Samunge, Loliondo. Mchungaji Ambilikile Mwasapila alitoa kikombe cha dawa ya mti uitwao mugariga kwa shilingi 500 na nchi ikasimama. Tulibishana miezi kadhaa kama kikombe kinaponya au hakiponyi. Kulikuwa na taarifa za watu waliotupa ARV. Wengine wengi, naamini, walirudi nyumbani wakaendelea na vidonge vyao kimyakimya, wakiwa na mugariga tumboni. Hiyo ndiyo hali halisi ya mgonjwa wetu: anachanganya, kila siku, na hamwambii daktari kwa kuogopa kufokewa. Mseto upo tayari. Haujapimwa tu. Kambi ya hospitali inaona aibu kuuliza, kambi ya tiba asili inaona kuulizwa ni kudharauliwa, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 imesajili waganga na dawa bila kulifikia swali hili la vitu viwili ndani ya tumbo moja.

Ningekuwa mwenye fungu la pesa, ningeanza na ngozi. Kidonda kilichooza, jeraha la moto, kiwele cha ng'ombe chenye uvimbe. Kwenye ngozi hesabu yangu ya lita 5 za damu haina kazi, maana marashi unaweka palepale panapouma, na eujenoli, kemikali ya karafuu, inaweza kufikia kiwango ambacho mdomoni hakifikiki. Kuidhinishwa si ndoto: mwaka 2006 Marekani ilikubali marashi ya katekini za chai ya kijani, Veregen, kwa vivimbe vya sehemu za siri, na dawa yenyewe ilikuwa na kiasi kilekile kila mara. Na kwenye kiwele kuna faida ya pili, kwani mifugo ni mteja mkubwa wa antibayotiki.

Fungu hilo litoke wapi? Kampuni hazitalitoa. Achaogen ya Marekani ilipata kibali cha antibayotiki mpya kabisa, plazomisini, Juni 2018, na Aprili 2019 ikafilisika. Ikiwa hilo linaikuta dawa yenye hataza, nani atatia mtaji kwenye pilipili manga ambayo kila mama lishe anayo? Ni pesa ya umma, kama ilivyokuwa 1970.

Na swali la kwanza lingekuwa dogo. Waindia waliitumia piperini kupunguza rifampisini, na sijui kwa nini sisi tuige hapo. Jaribio la Tanzania na Afrika Kusini lililochapishwa 2017 lilikwenda upande wa pili: rifampisini miligramu 35 kwa kila kilo ya mgonjwa, zaidi ya mara tatu ya kawaida, ilisafisha makohozi mapema zaidi. Kumbe tatizo letu huenda ni dawa kufika kidogo. Basi wachukuliwe wagonjwa wa TB wanaoanza vidonge vya kawaida vya RHZE, vyenye dawa nne ikiwemo rifampisini, nusu wapewe piperini miligramu 10 juu yake na nusu wasipewe, wasijue nani kapata nini. Damu ichukuliwe saa 2 na saa 6 baada ya kumeza, ini liangaliwe kila wiki. Wauguzi wa kliniki za TB wanajua kufanya hayo yote. Pilipili ipo Muheza.